Vikwazo vya Mwaka 1978 na Taasisi za Uganda

Neno "kikwazo" linatokana na kitenzi "kukwaza", yaani kumfanya mtu ajikwae. Katika siasa za kimataifa, vikwazo ni hatua za kuibana serikali fulani, kama vile kukataa kununua bidhaa zake au kuiuzia silaha. Swali la somo letu ni hili: anayejikwaa ni nani, mtawala au taasisi za umma?

Tuitazame Uganda. Idi Amin, ambaye ukoo wake ulitoka Koboko, West Nile, alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, akalivunja Bunge na kutawala kwa amri. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Ukatili wa namna hiyo ulilisukuma Bunge la Marekani kupitisha sheria ya kupiga marufuku biashara na Uganda, nayo ikatiwa saini na Rais Jimmy Carter Oktoba 1978.

Shabaha ilikuwa kahawa. Zao hilo liliiletea Uganda zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni, na Marekani ilinunua takriban theluthi moja yake. Mkulima aliuza kupitia bodi ya serikali. Fedha za kigeni zikaingia hazina, na humo zikachotwa kununulia silaha na anasa za maofisa. Kuibana kahawa, basi, kulikuwa kuubana mfuko wa jeshi.

Lakini hospitali na shule zilitegemea mfuko huohuo. Nazo zilikuwa zimekwisha kudhoofika: wataalamu waliuawa au walikimbia, viwanda vilikosa vipuri, na magendo yakachukua nafasi ya biashara halali. Kwa hiyo si haki kusema vikwazo ndivyo vilivyozibomoa taasisi. Wala havikutosha kumwangusha Amin. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Kagera; Tanzania ikajibu, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mwezi Mei, Marekani iliondoa marufuku yake.

Biashara ilifunguliwa kwa saini moja. Mahakama, polisi na jeshi lenye nidhamu havikurudi kwa saini. Watu wa West Nile waliyaonja matokeo yake: kwa kuwa Amin alitoka kwao, askari wa serikali mpya waliwalipizia kisasi raia wasio na hatia, na hapakuwa na chombo cha kuwalinda. Mwaka 1980 umati mkubwa ulikimbilia Sudan na Zaire.

Leo, Omugo, katika eneo hilohilo, inawahifadhi wakimbizi waliopokelewa tangu mwaka 2017 kutoka Sudan Kusini, nchi ambayo Umoja wa Mataifa uliiwekea vikwazo vya silaha Julai 2018.

Maswali ya kutafakari:
1. Je, vikwazo vinaweza kumbana mtawala bila kumwumiza raia?
2. Vikwazo vikiondolewa, ni nani mwenye wajibu wa kuzijenga upya taasisi?