Kaburi la Mwalimu Liuli

Pwani ya Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma ina kaburi moja ambalo watu huliendea kwa hija. Liko Liuli, na aliyezikwa humo ni padre Mwingereza, William Percival Johnson, aliyefariki Oktoba 1928. Kwa Waanglikana wa ukanda huu, Ngumbo ikiwamo, huyo ndiye mtume wa ziwa. Ngumbo na Liuli zote zilikuwa Wilaya ya Mbinga kabla Wilaya ya Nyasa haijamegwa, na habari za ziwa hili zimeandikwa mno kwa jicho la samaki na mipaka. Habari ya mtu na mwalimu wake wa roho haijapewa nafasi yake.

Johnson hakuwa wa kuja huku. Alizaliwa mwaka 1854 katika kisiwa cha Wight, akasoma Oxford, na njia yake ilikuwa imeshanyooka kuelekea India, kwenye utumishi wa serikali ya kikoloni. Akaiacha. Mwaka 1876 alijiunga na misheni ya UMCA chini ya Askofu Steere wa Zanzibar, na kufikia miaka ya 1880 alikuwa ziwani. Macho yakaugua hata ikabidi arudishwe Uingereza. Likaokolewa jicho moja, naye akarudi na jicho hilo hilo. Kwa zaidi ya miaka arobaini meli ya misheni ilimshusha kijiji kimoja ikamchukua kingine, na katikati alitembea kwa miguu, akilala katika vibanda vya udongo na kula alichokuta: ugali wa mihogo na usipa, kama wenyeji.

Hayo ni maisha ambayo Mhindu angeyatambua mara moja. Katika mila ya Kihindu maarifa ya juu hayatoki kitabuni peke yake. Hupatikana kwa kukaa na guru, kumtumikia, kumwangalia anavyoamka, anavyokula na anavyonyamaza. Mwanafunzi humwinamia na kumgusa miguu. Kila mwaka, mwezi unapokuwa mpevu katika Ashadha, mara nyingi Julai, waumini huadhimisha Guru Purnima, siku ya walimu wao. Tena Wahindu, wanaochoma maiti zao, huwatenga watakatifu wengi na moto: huwazika, mara nyingi wakiwa wameketishwa, na kaburi hugeuka mahali pa ibada. Anayekwenda Liuli kuomba kando ya kaburi hafanyi jambo geni kwa mtu wa Tamil Nadu, kusini mwa India.

Huku kwetu Afrika Mashariki mfano wa wazi wa ibada hiyo kwa guru uko Mombasa. Wafuasi wa madhehebu ya Kihindu ya Swaminarayan, Wagujarati waliokuja kufanya kazi reli na biashara, walidumu katika imani yao kwa miaka mingi bila mtawa wa kuwaongoza karibu. Kilichowashikilia ni barua. Mtawa mmoja huko Gujarat, Nirgundas Swami, aliwaandikia barua ndefu za kurasa nyingi, nao wakazisoma pamoja kama watu wasomavyo Maandiko. Mwaka 1955 guru wao Yogiji Maharaj akavuka bahari mwenyewe, akalizindua hekalu lao Mombasa. Johnson naye alikuwa mtu wa karatasi, akifasiri Maandiko kwa Kinyanja huku jicho lake likichoka, lakini pwani ya Nyasa haikumpenda kwa karatasi. Ilimpenda kwa sababu alibaki.

Mimi hapo ndipo ninaposita, maana mlinganisho huu una mwisho wake. Mwaka 1896, Johnson alipofanywa shemasi mkuu wa Nyasa, kijana wa miaka 16 aliondoka nyumbani kwao Madurai bila kuaga, akapanda treni kwenda mlima wa Arunachala. Hakuondoka tena hapo mpaka alipofariki mwaka 1950. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ramana Maharshi. Hakuwa na guru wa kibinadamu. Mlima ndio uliokuwa guru wake. Walipomwendea na maswali juu ya Mungu, kifo au dhambi, aliwarudishia swali moja: anayeuliza ni nani? Ukiwaza, tafuta ni nani anayewaza. Ukiogopa, tafuta ni nani anayeogopa. Ibada kwa mwalimu na kujichunguza, kwake, vilifika mahali pamoja: anayejisalimisha kwa guru na anayeisaka nafsi yake wote wawili wanaiacha ile "mimi" ya kila siku.

UMCA nao walifundisha watu kujichunguza. Walikuwa Waanglikana wa mrengo wa Kikatoliki, wenye ubani na kitubio, na muumini alikaa kimya akihesabu matendo yake kabla ya kumwendea padre. Lakini padre alitaka kujua umetenda nini. Ramana alitaka kujua mtendaji ni nani. Hizo ni njia mbili, na anayezichanganya kwa nia njema anazipunja zote.

Liuli yenyewe imeona mengi mengine. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa mwamba wake mkubwa uliowakumbusha sanamu ya Misri, na Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia hapo meli yao Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Wapenda vita huja kwa ajili ya kisa hicho. Wacha waje.

Jambo ambalo pwani hii ingefaa kulichukua kwa Wahindu ni lingine. Wao hawamtaji guru peke yake. Humtaja pamoja na guru wa guru wake, mlolongo wanaouita parampara, na mwalimu asiye na mlolongo mara nyingi hutazamwa kwa shaka. Nasi mlolongo tunao. Augustine Ambali, aliyekombolewa utumwani, alikuwa padre wa ziwa hili na akaandika kumbukumbu za miaka yake thelathini huku. Yohana Abdallah alikuwa padre Unangu, ng'ambo, upande wa Msumbiji, na kuandika historia ya Wayao kwa lugha yao. Leonard Kamungu alipata upadre mwaka 1909, akapeleka injili Msoro, nchi inayoitwa leo Zambia, akafia huko mwaka 1913. Na chini yao wako walimu wa vijijini ambao kila asubuhi waligonga kengele na kufundisha alfabeti chini ya mwembe. Meli ilipoondoka na Johnson, wao ndio waliobaki na watu.

Kaburi la Johnson linatunzwa, na ni haki yake. Parokia za Ngumbo, Lundu na Mbaha zina wazee wanaokumbuka nani aliwafundisha baba zao. Parokia zikae nao na daftari, ziandike majina hayo, kijiji kwa kijiji, na hija ijayo yasomwe Liuli pamoja na la Johnson.