Lesi ya Magome, Kilemba cha Wanga

Mtumwa wa mashamba ya miwa hakuchagua nguo. Katika makoloni ya Ufaransa ya Karibi, sheria ya 1685 iliyoitwa Code Noir ilimtaka bwana ampe kila mtumwa nguo mbili za kitani kwa mwaka, au kitambaa cha kushonea. Jamaika, chini ya Waingereza, kilichogawiwa ni osnaburg, kitambaa kigumu chenye jina la mji wa Osnabrück, Ujerumani. Wote walivishwa sare ya umaskini, wajulikane kuwa ni mali.

Lakini Jumapili ilikuwa na mambo yake. Watumwa wengi wa Jamaika walilima vishamba vya chakula, na kilichozidi walikiuza gulioni. Kwa pesa hizo walinunua utepe, shanga na leso. Osnaburg waliitia rangi kwa miti na mbegu za kisiwani, wakaishona upya watakavyo.

Ustadi mkubwa kuliko wote ulitoka msituni. Mti wa lagetto humea Jamaika, Kuba na Hispaniola. Wanawake walibandua gome lake, wakatoa utando wa ndani, wakauvuta taratibu kwa vidole mpaka nyuzi zikaachana na kuwa wavu laini mweupe, mithili ya lesi ya Ulaya, bila sindano wala kitanda cha mfumi. Wakashona shela, kofia na magauni. Hata Mfalme Charles II wa Uingereza alipelekewa tai ya lesi hiyo na gavana wa Jamaika. Na mti huohuo ulitengenezewa mijeledi. Jambo hili halifai kupitwa haraka: watu waliochapwa kwa lagetto ndio waliojipambia lagetto.

Watawala waliijua nguvu ya vazi. Mwaka 1779 serikali ya Saint-Domingue, Haiti ya leo, iliwakataza watu huru wenye asili ya Afrika kuiga mavazi ya Wazungu.

Suriname, ambako utumwa ulifutwa tarehe 1 Julai 1863, wanawake walivaa koto, gauni pana la marinda, na angisa, kilemba cha pamba kilichotiwa wanga kikakakamaa, kisha kikakunjwa kwa namna yenye ujumbe. Mkunjo mmoja maarufu husema: waache waseme. Msomaji wa Uswahilini hahitaji mkalimani hapo. Keshausoma ujumbe huo kwenye kanga.

Jamaika ilipata uhuru 1962, lakini viongozi wake waliendelea kutokwa jasho ndani ya suti na tai. Mbunifu Ivy Ralph akaja na kariba, koti lisilohitaji shati wala tai, linalofanana na Kaunda suti. Michael Manley, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1972, alilivaa katika shughuli za serikali, likawa alama ya siasa zake. Edward Seaga alipochukua nchi mwaka 1980, suti na tai zikarudi. Manley naye, aliposhinda tena 1989, alirudi madarakani akiwa amevaa suti.