Kutoka Rangi hadi Urithi: Mzizi wa Kigiriki *khroma* katika Istilahi za Biolojia

Istilahi kromosomu, kromatini, kromatidi na kromatografia zina asili moja: neno la Kigiriki *khroma*, lenye maana ya rangi. Umbo *kromo-* limezoeleka kuitwa kiambishi awali. Kwa mujibu wa mofolojia ya Kigiriki, hata hivyo, huo ni mzizi wa nomino unaoambatanishwa na mzizi mwingine. Nomino hiyo huwa *khroma* inapokuwa kiima, na shina lake *khromat-* hujitokeza inapobeba kiambishi cha umilikishi. Ndiyo sababu istilahi za kisayansi zina *kromo-* na *kromati-* bila tofauti ya maana.

Mzizi huu uliingia katika elimu ya seli kwa msaada wa viwanda vya rangi. Mwaka 1856, mjini London, William Henry Perkin alijaribu kuunda kwinini kutokana na kemikali za lami ya makaa ya mawe, akapata rangi ya zambarau. Rangi bandia zilizofuata ziliwafikia pia wachunguzi wa seli, ambao waliona kwa hadubini kwamba baadhi ya sehemu za kiini cha seli hushika rangi zaidi kuliko nyingine. Walther Flemming, aliyefanya kazi mjini Kiel, aliiita dutu inayoshika rangi kromatini, na ile isiyoishika akaiita akromatini. Kitabu chake cha mwaka 1882 kilieleza kwa kina mgawanyiko wa seli. Mwaka 1888 Wilhelm Waldeyer aliunganisha *khroma* na *soma*, yaani mwili, akapata kromosomu: mwili unaoshika rangi.

Jina hilo linataja namna kitu kilivyoonekana, na halisemi lolote kuhusu kazi yake. Uhusiano wa kromosomu na urithi ulifafanuliwa na Theodor Boveri na Walter Sutton kuanzia mwaka 1902, wakati istilahi ilikuwa imekwisha kukita mizizi. Kromatografia nayo ilipitia njia kama hiyo. Mikhail Tsvet alitumia jina hilo mwaka 1906 kwa mbinu ya kutenganisha rangi za majani ya mimea, lakini leo mbinu hiyo hutenganisha hata kemikali zisizo na rangi. Katika istilahi zote mbili, maana ya matumizi imeondoka na maana ya mzizi imebaki nyuma.

Historia hii inagusa moja kwa moja suala la uundaji wa istilahi za Kiswahili. Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba tafsiri huwa wazi kwa mwanafunzi kuliko utohozi. Tuchukulie kwamba kromosomu ingetafsiriwa kisisisi kuwa *mwilirangi*. Neno hilo lingeeleweka upesi, lakini lingepotosha, kwa kuwa kromosomu katika seli hai haina rangi kwa kawaida. Isitoshe, katika somo la urithi, mwanafunzi angeweza kudhani kwamba mwilirangi ni kitu kinachohusika hasa na rangi ya ngozi. Uwazi wa namna hiyo una gharama katika jamii ambazo rangi ya ngozi imewahi kutumiwa kuwabagua watu.

Utohozi umeepuka hatari hiyo, tena kwa utaratibu unaotabirika: irabu *-u* hufuata konsonanti ya midomo, kama katika kromosomu, ilhali *-i* hufuata konsonanti za ufizi, kama katika kromatini na kromatidi. Udhaifu wake ni kwamba ukoo wa maneno hujificha. Anayefahamu *-somu* katika kromosomu angeitambua pia katika ribosomu na lisosomu, iwapo angeelezwa maana yake.

Kwa hiyo, makala haya yanapendekeza kwamba kamusi za sayansi ziendelee kutohoa, zilinde tahajia moja ya kila mzizi, na kila kidahizo kionyeshe mizizi yake, maana ya mizizi hiyo, na sababu ya kihistoria ya kuteuliwa kwake. Maelezo ya mstari mmoja yangemwonyesha mwanafunzi kwamba rangi inayotajwa katika kromosomu ilitoka kwa mchunguzi na chupa yake ya rangi, wala haikuwamo katika kitu alichokichunguza.