Azimio la Musoma na Suala la Usawa katika Elimu ya Tanzania Bara, 1974–1985

Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, katika kikao chake mjini Musoma, iliamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe amepata nafasi darasani ifikapo Novemba 1977. Hadi wakati huo lengo hilo lilikuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989. Kwa uamuzi mmoja, miaka kumi na miwili ilifutwa kwenye ratiba ya taifa. Waandishi wengi wameusoma uamuzi huo kwa njia mbili: ama kama ushujaa wa kisiasa, ama kama chanzo cha kuporomoka kwa ubora wa elimu. Makala haya yana hoja tofauti. Azimio la Musoma lilijibu swali la nani aingie shuleni, lakini halikugusa swali la nani aendelee. Kwa sababu hiyo ukosefu wa usawa haukuondoka; ulihama kutoka mlango wa darasa la kwanza na kwenda kukaa kwenye mlango wa kidato cha kwanza.

Urithi wa ukoloni ulikuwa wa sura mbili. Sura ya kwanza ilikuwa ya rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika zilikuwa na mifumo mitatu tofauti, na serikali ya Tanganyika huru iliiunganisha mapema, kuanzia mwaka 1962. Sura ya pili ilikuwa ya kijiografia, nayo haikuweza kufutwa kwa sheria. Shule za misheni zilikuwa zimeota mizizi Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, sehemu ambazo zao la kahawa liliwapa wazazi fedha za kulipa ada. Katika maeneo ya wafugaji na katika sehemu kubwa ya pwani, ambako wazazi wengi Waislamu walizitilia shaka shule za misheni, madarasa yalikuwa machache na yenye umbali mkubwa kati yao. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka chini ya serikali shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku. Hata hivyo, kubadili mwenye shule hakukubadili mahali shule ilipojengwa.

Ni muhimu kukumbuka kwamba katika muongo wa kwanza wa uhuru elimu ya msingi kwa wote haikuwa kipaumbele cha serikali. Mkutano wa nchi za Afrika uliofanyika Addis Ababa mwezi Mei 1961 uliweka mwaka 1980 kuwa kikomo cha kuwafikishia watoto wote elimu ya msingi. Tanganyika ilichagua njia nyingine. Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano wa 1964–1969 ulielekeza fedha kwenye elimu ya sekondari na ya juu, ili nchi ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo 1980. Ada za sekondari zilifutwa mwaka 1964, ilhali zile za shule za msingi ziliendelea kutozwa hadi 1973. Mtoto mmoja aliyefika sekondari alisomeshwa bure, na wenzake kumi waliobaki kijijini walilipa. Kwa mantiki ya wakati ule jambo hilo halikuonekana kuwa dhuluma, kwa kuwa nafasi ya sekondari haikuhesabiwa kuwa haki ya mtoto. Ilihesabiwa kuwa hitaji la taifa, na idadi ya nafasi ilipangwa kwa kukadiria kazi zitakazohitaji watu.

Hesabu hiyo ya nguvukazi ndiyo kiini cha mgogoro uliofuata. Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, Julius Nyerere alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, imwandae mtoto kwa maisha ya kijijini, na isiwe maandalizi tu ya mtihani wa kuwachagua wachache. Falsafa hiyo ilikuwa na uzito wa kimaadili, na bado inastahili kusomwa. Lakini ilikuwa na mwanya mmoja mkubwa: kazi za mishahara ziliendelea kutolewa kwa waliomaliza sekondari. Wazazi waliliona hilo. Haikuwa rahisi kumshawishi mkulima kwamba darasa la saba ni mwisho mwema, huku akimwona afisa wa wilaya, mganga na mwalimu mkuu, wote wakiwa wamepita mlango ambao mwanawe hawezi kuupita.

Utekelezaji wa Azimio ulikwenda sambamba na Operesheni Vijiji, iliyoendeshwa kwa nguvu kati ya 1973 na 1976. Kuhamishwa kwa mamilioni ya watu, mara nyingi kwa shuruti, kulileta kaya pamoja kiasi kwamba shule moja iliweza kuwahudumia watoto wa eneo zima. Madarasa yalijengwa na wanakijiji wenyewe kwa matofali ya udongo, miti na nyasi. Uandikishaji ulipanda kutoka wanafunzi wapatao milioni 1.2 mwaka 1974 hadi kupita milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima. Ni nchi chache barani Afrika zilizofanya hivyo kwa kasi hiyo zikiwa na pato dogo kama la Tanzania.

Walimu wa kuwafundisha watoto hao hawakuwapo. Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa miaka mitatu. Ndipo ulipobuniwa mpango ambao, kwa upande wa ubunifu, ndio mchango wa pekee wa kipindi hiki. Vijana waliomaliza darasa la saba waliteuliwa kufundisha madarasa ya chini katika shule za maeneo yao, na wakati huohuo walijifunza ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa walimu wakufunzi waliowatembelea; mwishoni walikaa chuoni kwa muda mfupi na kufanya mtihani. Zaidi ya walimu 30,000 walipatikana kwa njia hiyo. Jina walilopewa, walimu wa UPE, baadaye liligeuka kuwa la dhihaka, na katika mazungumzo ya kawaida lilitumika kumaanisha mtu asiyejua kitu. Hukumu hiyo haiwatendei haki. Kijana wa miaka kumi na saba aliyepewa chaki, darasa lililofurika na vitabu visivyotosha hakuwa chanzo cha udhaifu wa shule. Ndiye aliyeziba pengo ambalo dola iliyomtuma haikuwa na namna nyingine ya kuliziba. Lililo la haki kulisema ni kwamba ahadi ya kumwendeleza baada ya mafunzo hayo ya awali ilitekelezwa kwa kusuasua, na wengi walistaafu na ujuzi uleule walioanza nao.

Redio hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuonyesha uwezo wake katika elimu ya watu wazima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, ambavyo baada ya kipindi vilitoka kwenda kuchimba vyoo. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika kilishuka kutoka karibu theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi takriban asilimia 10 katikati ya miaka ya 1980.

Wakati mlango wa kwanza ukifunguliwa, ule wa pili ulibaki na upana uleule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliochaguliwa kuingia sekondari za serikali walikuwa chini ya asilimia 5 ya waliomaliza darasa la saba. Serikali ilijaribu kugawa uhaba huo kwa haki kupitia mgawo wa nafasi kwa mikoa: mtoto alishindana na wenzake wa mkoa wake, si na wa nchi nzima. Mikoa iliyokuwa nyuma ilifaidika. Wazazi wa Kilimanjaro, ambao watoto wao walihitaji alama za juu zaidi ili kuchaguliwa, walijibu kwa kujenga sekondari zao wenyewe, na katika muongo huo shule zisizo za serikali zikawa nyingi kuliko za serikali. Hivyo sera iliyokusudiwa kusawazisha mikoa ilizaa, bila kukusudia, njia mpya ya kutofautisha walio nacho na wasio nacho. Azimio lenyewe lilikuwa na kisa kinachofanana na hicho katika sehemu yake iliyohusu chuo kikuu. Lilitaka mwombaji afanye kazi kwanza na kupata kibali cha chama na mwajiri. Idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishuka, kwa kuwa ndoa na uzazi viliwakuta katika miaka hiyo ya kungoja, na sharti likabidi kuondolewa kwao.

Kisha fedha zikakatika. Kuanguka kwa bei ya kahawa baada ya 1977, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo, vita vya Kagera vya 1978–1979 na kupanda kwa bei ya mafuta viliiacha hazina bila uwezo wa kuendesha ilichokijenga. Mwaka 1985 ada za sekondari zilirejeshwa, na michango ya shule za msingi ikazidi kuwaelemea wazazi. Kufikia mwaka 2000 watoto wenye umri wa kusoma waliokuwa darasani walikuwa chini ya asilimia 60, na ilibidi ada ifutwe upya chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002.

Kizuizi kilichosahaulika zaidi katika mijadala hii ni cha lugha. Tangu 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na bila hicho mpango wa kuwatumia vijana wa darasa la saba kama walimu usingewezekana hata kidogo. Lakini mtoto aliyevuka kwenda kidato cha kwanza alikuta karibu masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, yakifundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia Januari 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 uchunguzi wa Clive Criper na William Dodd ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kufuata masomo. Hata hivyo, hitimisho lake lilikuwa kwamba Kiingereza kiimarishwe, na kwa msaada wa Uingereza mradi wa kufanya hivyo ulianzishwa mwaka 1987. Mtoto wa mkulima aliyekuwa amefaulu kwa Kiswahili kupitia mwalimu wa UPE, na aliyekuwa mmoja wa wale wachache waliochaguliwa kutoka wilaya nzima, aliketi Januari 1985 katika darasa la kidato cha kwanza na kunakili ubaoni sentensi ambazo hakuzielewa.