Ugonjwa Uliongoja Kusikilizwa



Mwezi wa Desemba 1822, Augustus d'Este, Mwingereza mwenye umri wa miaka 28 na mjukuu wa Mfalme George wa Tatu, alisafiri hadi Uskoti kumtembelea jamaa aliyempenda kama baba. Alipofika, alimkuta amekwisha kufariki. Muda mfupi baada ya mazishi macho yake yaliingiwa na ukungu, hata ikabidi asomewe barua zake na kuandikiwa majibu. Kisha, pasipo dawa yoyote, macho yakapona. Mwaka 1827, akiwa Florence, alianza kuona vitu viwili viwili. Baadaye miguu ikaishiwa nguvu. Madaktari walimwekea ruba wanyonye damu. Mwingine alimwamuru kula nyama na kunywa divai. Alifariki mwaka 1848 bila kulijua jina la ugonjwa wake. Hata hivyo, kwa miaka mingi alikuwa ameziandika dalili zake katika daftari.

Katika miaka ya 1830, Robert Carswell na Jean Cruveilhier walikuwa wamekwisha kuchora mabaka ya ajabu waliyoyakuta katika uti wa mgongo wa marehemu. Ilibaki kuyaunganisha mabaka hayo na mateso ya walio hai.

Kazi hiyo ilifanywa na Jean-Martin Charcot katika hospitali ya Salpêtrière, mjini Paris, iliyohifadhi maelfu ya wanawake maskini na wazee. Charcot aliwachunguza wangali hai, kisha akachunguza ubongo wao baada ya kifo. Mwaka 1868 alieleza alama tatu: macho kuchezacheza, maneno kutoka kwa kukatikakatika, na mkono kutetemeka unaponyoshwa kushika kitu. Kwa alama hiyo ya tatu aliutenga na ugonjwa wa Parkinson, ambao mkono hutetemeka ukiwa umetulia. Akauita « sclérose en plaques ».

Leo twajua kwamba kinga ya mwili hushambulia ala inayofunika mishipa ya fahamu. Tangu 1981 mabaka hayo yameonekana kwa mtu aliye hai kwa mashine ya IRM. Maji ya uti wa mgongo nayo hupimwa. Lakini hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Kanuni zilizotolewa mwaka 2001 na kundi la wataalamu chini ya Ian McDonald, na kurekebishwa baadaye, zilidai madhara yathibitike mahali zaidi ya pamoja na kwa nyakati zaidi ya moja, na magonjwa mengine yaondolewe kwanza. Kwa hiyo daktari bado huanza kwa kuuliza: lilianza lini, likapoa lini, likarudi wapi? Daftari la d'Este lilijibu maswali hayo, na madaktari wa karne ya 20 walioyasoma maandishi yake waliutambua ugonjwa wake.

Ugonjwa huu mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40. Mgonjwa aweza kutembea vema leo, kesho ashindwe. Uchovu wake hauonekani kwa macho. Wengi, hasa wanawake, walihesabiwa kuwa wanajisingizia. Mwenzenu akisema kwamba jicho limefifia kwa siku kadhaa, au kwamba miguu ina ganzi isiyoisha, msimwite mvivu wala msimtafutie mchawi. Msaidieni kuandika tarehe na dalili, kisha msindikizeni kwa daktari, hata kama dalili imekwisha kutoweka.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Kwa nini kupona kwa muda kuliwapoteza madaktari wa d'Este?
2. Ni nani kati yetu anayeteseka bila kuaminiwa?