Sammy Baloji

Sammy Baloji (amezaliwa Lubumbashi, 1978) ni mpigapicha na msanii wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayeishi kati ya Lubumbashi na Brussels. Kazi zake huchunguza historia ya Katanga, mkoa wake wa kuzaliwa, na urithi wa ukoloni wa Ubelgiji.

Alisoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akaanza kama mchoraji wa katuni kabla ya kugeukia kamera. Alipata sifa kwa mfululizo wa Mémoire (2006), ambamo aliunganisha picha za kumbukumbu za vibarua na mabwana wa kikoloni na picha mpya za magofu ya viwanda vya Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi migodi ya Union Minière du Haut-Katanga. Katika mfululizo wa Kolwezi alionyesha maisha ya wachimbaji wadogo.

Mwaka 2008 alishiriki kuanzisha tamasha la Picha, lililozaa Biennale ya Lubumbashi, na mwaka 2009 alipata Tuzo ya Prince Claus. Mwaka 2015 alishiriki Biennale ya Venice.