Uhakiki wa Majina ya Vigeu

Uhakiki wa majina ya vigeu ni ukaguzi wa vichwa vya safu wima za jedwali, pamoja na majina mengine yanayotumika katika programu ya takwimu, kabla ya hesabu kuanza. Kigeu ni sifa ambayo thamani yake hubadilika kutoka kipimo kimoja hadi kingine: uzito wa samaki, kina cha maji, idadi ya mitumbwi. Kila kigeu hupewa safu wima yake, na kichwa cha safu hiyo ndicho jina ambalo programu hulitumia kukiita.

Maneno matatu hugombea nafasi ya istilahi hii. Uthibitishaji halifai sana, kwa kuwa kuthibitisha ni kuonyesha kwamba jambo ni la kweli, na jina la kigeu si kweli wala uongo. Hufuata kanuni au huzivunja. Uhalalishaji ni kulifanya halali jambo ambalo halikuwa halali. Uhakiki ni kuchunguza na kutoa jibu. Msomaji wa Tanzania amelizoea neno hili katika uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma: mhakiki hukilinganisha cheti na kumbukumbu, kisha husema kama kinafaa. Hakiandiki upya. Maneno haya mawili ya mwisho yanahitajika yote, kwa sababu programu za takwimu hufanya vitendo vyote viwili na mara nyingi huvichanganya.

Kanuni zenyewe za majina hutofautiana kwa lugha ya programu ya takwimu. Katika R, jina huanza kwa herufi, au kwa nukta isiyofuatwa na tarakimu. Baada ya hapo huruhusiwa herufi, tarakimu, nukta na kistari cha chini. Kistari hicho kilikubaliwa mwaka 2004, toleo la 1.9.0 lilipotoka. Stata na SAS huanza jina kwa herufi au kistari cha chini na kwa kawaida hazikubali nukta. Kikomo cha Stata ni herufi 32, na cha SAS ni baiti 32. SPSS hufika baiti 64. R na Stata hutofautisha herufi kubwa na ndogo, SAS haitofautishi.

Takwimu za uvuvi za bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 katika mto Pangani chini ya milima ya Upare, zinatosha kuonyesha uzito wa kanuni hizo. Jina la bwawa lina maneno matatu, na nafasi kati ya maneno hairuhusiwi. Likiwekwa kuwa kichwa cha safu, R hulihalalisha kuwa Nyumba.ya.Mungu. Kichwa «Uzito (kg)» hugeuka Uzito..kg. na mwaka 2019 hugeuka X2019. Safu ya namba za mfululizo, ambayo majedwali ya Kiswahili huiita «Na.», hupita salama katika R. Ikiandikwa NA kwa herufi kubwa bila nukta, hugongana na neno lililotengwa kwa ajili ya thamani inayokosekana, nayo hugeuzwa kuwa NA. yenye nukta.

Ritifaa ina hatari yake. Kando ya bwawa, upande wa wilaya ya Mwanga, kuna mialo ya Lang'ata Bora na Lang'ata Kagongo. Katika kichwa cha safu, ritifaa hugeuzwa nukta: Lang.ata. Ndani ya safu madhara huwa makubwa zaidi, kwa kuwa amri ya read.table ya R, inayosoma majedwali, isipoelekezwa vingine, huichukulia ritifaa kuwa alama ya kunukuu, na inaweza kumeza mistari hadi ikutane na ritifaa nyingine.

Urefu nao ni mtego, kwa kuwa Kiswahili hueleza mambo kwa maneno kamili. Jina uzito_wa_samaki_waliovuliwa_langata_bora na mwenzake linaloishia langata_kagongo ni tofauti kabisa kwa msomaji. Yakikatwa kwenye herufi ya 32, yote mawili huishia lang, na mialo miwili huwa na jina moja.

Uhakiki kamili hujibu maswali matatu. La kwanza ni kama jina linafuata sarufi ya lugha. Katika R, jina hupitishwa kwenye make.names, amri inayohalalisha majina; likitoka bila kubadilika, ni halali. Hapo chombo cha uhalalishaji kinatumika kuhakiki, na jina la asili haliguswi. La pili ni kama jina ni la pekee, na anyDuplicated hutoa jibu: sifuri ikiwa hakuna lililojirudia. La tatu ni kama majina yaliyotarajiwa yote yapo, na setdiff huorodhesha yaliyokosekana.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye madhara ya kimyakimya. Safu ya jedwali d ikiitwa uzito na programu ikaandika d$Uzito, R hailalamiki. Hurudisha utupu, na jumla ya utupu ni sifuri. Ripoti inaweza kuonyesha kwamba bwawa halikutoa hata perege mmoja, ilhali samaki wote wamo kwenye jedwali. Jina Uzito ni halali kisarufi, kwa hiyo hakuna uhalalishaji ambao ungeweza kulibaini kosa hilo.

Mahali pa uhakiki ni mara tu faili linaposomwa. Uhalalishaji wa kimyakimya huzimwa kwa check.names = FALSE, majina hukaguliwa yalivyo, na programu husimama ikitaja jina lenye kasoro. Anayelijua jedwali ndiye huchagua jina jipya, mfano uzito_kg, na kuliandika katika maelezo ya data pamoja na lile la zamani, ili jina la mwalo lililoandikwa ufukweni liweze kufuatiliwa hadi kwenye ripoti.